Helikopta Haina Kibaraza

Nyumba yangu inatawaliwa na Richard Armitage. Mwenyewe hajui, na kodi ya pango hachangii, lakini ndiye anayeamua tutazame nini Jumamosi usiku. Mambo yalianza na The Hobbit, filamu ya mwaka 2012, alipocheza Thorin, yule mfalme wa mbilikimo mwenye ndevu nyingi na kisirani kingi zaidi. Binti yetu akampendea upanga. Mke wangu naye akampendea kitu, sikuuliza ni kipi. Toka hapo tunamfuata kinyumenyume. Tumeona Robin Hood ya BBC, ambamo yeye ni Guy wa Gisborne aliyevaa nguo nyeusi na roho inayofanana nazo. Tumeona North & South ya mwaka 2004, ambamo ana kiwanda cha pamba na uso ambao haujui kucheka. Nikadhani tumemaliza, nitarudishiwa mpira wangu. Kumbe mwenzangu bado alikuwa anafukua, na mwezi uliopita akaibuka na The Golden Hour.

Asiyeijua asione aibu, maana wanaoijua ni wachache hata humu Uingereza ilikotengenezwa. Ilirushwa na ITV mwezi Septemba mwaka 2005. Inahusu madaktari wa helikopta ya wagonjwa ya London, wale wanaoteremshwa barabarani kutoka angani pale mtu anapogongwa, anapoanguka au anapochomwa kisu. Armitage ni Daktari Alec Track. Pamoja naye wamo Zoe Telford, Navin Chowdhry na Ciarán McMenamin. Kwa ufupi, waigizaji wa maana, helikopta nyekundu, mji mkubwa, damu ya kutosha. Ikadumu vipindi vinne. Vinne, msomaji, si arobaini. Kwenye tamthilia ya Kifilipino, ukifika kipindi cha nne hata yaya hajaanza kushuku kwamba yeye ndiye binti wa tajiri.

Mtu angesema, basi nini, vinne si vitaisha haraka? Hapo ndipo msiba wangu ulipo. Kitu kikiisha haraka nyumbani kwetu, kinarudiwa. Tena mara hii ilitukuta na mama mkwe, aliyetoka Tanga kuja kumwona mjukuu, na viza yake ya miezi sita. Nampenda mama mkwe na namheshimu, na heshima ndiyo inayonitesa. Mtu hakai na mkwewe akatazama runinga ya Kizungu kwa raha. Kila daktari mmoja anapomsogelea mwenzake, mimi huinuka kwenda kuchemsha maji ya chai. Sisubiri kujua kama ni busu au ni ushauri wa kitabibu. Nimepika chai nyingi kwa sababu ya tamthilia ile kuliko mhudumu wa mgahawa wa stendi ya mabasi.

Lakini mama mkwe ndiye aliyenifungua macho. Kwenye kipindi cha kwanza tu, majeruhi kalala chini, madaktari wamemzunguka, mashine inalia, mke wangu kakamata mto, bibi yule akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanangu, huyu mgonjwa mtoto wa nani?"

"Sijui, mama. Hawajasema."

"Watasema lini?"

"Huenda wasiseme. Wameshamlaza usingizi."

"Sasa mimi nimlilie kama nani yake?"

Mke wangu akasema tunyamaze, tunapitwa. Mimi nikanyamaza, lakini swali lilishaniingia. Nimesoma wahakiki wengi wa runinga katika maisha yangu, wengine wana digrii za kuhakiki, na sijaona aliyeugusa ugonjwa wa tamthilia ile kwa sentensi fupi kama hiyo.

Tazama kwanza kazi yenyewe ilivyo. Sisi tunakaa Stepney, mashariki ya London, na helikopta ya kweli tunaiona kwa macho, kwa sababu kituo chake ni juu ya paa la hospitali ya Royal London, pale Whitechapel. Siku hizi kiwanja chake kiko ghorofa ya 17. Huduma hiyo ilianza mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya chuo cha kifalme cha madaktari wapasuaji kutoa ripoti iliyosema wazi kwamba majeruhi wanakufa ilhali wangeweza kuokolewa. Dawa waliyoibuni ilikuwa ya busara: badala ya kumkimbiza mtu anayekufa kwa daktari, mkimbize daktari kwa anayekufa. Ndani ya chombo wanakaa marubani wawili, daktari mmoja na mhudumu wa dharura mmoja. Wakiitwa, wanaruka ndani ya dakika chache, na sehemu yoyote iliyozungukwa na barabara ya M25 wanaifikia upesi kuliko mimi ninavyolifikia duka la kona.

Wakifika, wanatua popote penye nafasi ya ukubwa wa kiwanja cha tenisi: uwanja wa shule, makutano ya barabara, bustani ya watu waliokuwa wanakula sandwichi zao kwa amani. Imewahi kutua hata Trafalgar Square, katikati ya watalii na njiwa. Zile nyekundu zilizotumika tangu mwaka 2000, aina ya MD902, hazikuwa na panga mkiani. Zilisukuma hewa tu kupitia mkia, na kwa chombo kinachoshuka katikati ya watu wanaojisogeza ili wapige picha, hilo si jambo dogo. Na hapo chini, juu ya lami, madaktari wanafanya mambo ambayo mahali pengine yanataka jengo zima. Wanamlaza mtu usingizi, wanamtia bomba la kupumulia, na hali ikiwa mbaya kabisa wanampasua kifua palepale ili waufikie moyo. Tangu mwaka 2012 wanabeba na damu.

Ukisikia hivyo unasema hii ni tamthilia iliyojiandika yenyewe. ITV nao walisema hivyo, na walisema mara mbili. Mwaka 1996 walitoa Call Red, nayo ya kikosi cha helikopta ya wagonjwa, nayo ikazimika baada ya msimu mmoja. Miaka tisa baadaye wakajaribu tena, na Armitage wangu ndani. Sishangai walioanguka mara ya kwanza. Nawashangaa waliosimama palepale, wakajipangusa vumbi, wakaanguka upya.

Tatizo ni hili. Helikopta haina kibaraza.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa. Hadithi haitokei kwenye tukio, hutokea pale watu wanapokaa baada ya tukio. Gari likipinduka Kange, habari yake haiko Kange. Iko barazani jioni, ambako mmoja anajua dereva alikuwa anaongea na simu, wa pili anajua alikuwa anaongea na nani, na wa tatu, ambaye hakuwepo hata mkoani, anajua walichokuwa wanasema. Ukiwanyima watu mahali pa kukaa, unabaki na ajali tupu.

Mle ndani ya helikopta mna nini? Kelele. Watu wamevaa visikizi vikubwa masikioni na wanaongea maneno mawili mawili: urefu kadhaa, dakika kadhaa, waya wa umeme kushoto. Huwezi kumwambia mwenzako kwamba ndoa yako inayumba huku rubani anatafuta waya wa umeme kushoto. Mgonjwa naye, ambaye kwa haki ndiye mwenye hadithi, keshapigwa sindano, hasemi lolote. Wakishamfikisha hospitali, wanamkabidhi kwa wengine, wanafuta machela, wanaondoka. Akipona hawapo. Akifa hawapo. Jina lake tu huenda wakalisahau kabla ya chakula cha mchana, si kwa ubaya, bali kwa sababu simu imeshalia tena.

Na kuna jambo ambalo lazima liliwanyima usingizi waandishi wa tamthilia. Hapa London, wagonjwa walio wengi hawapandi helikopta kabisa. Daktari anashuka na chombo, anamtengeneza mtu, kisha wanakwenda wote hospitali kwa gari la wagonjwa, taratibu, maana mji wenyewe si mkubwa hivyo na barabarani kuna nafasi ya kufanyia kazi. Helikopta inarudi bila mgonjwa. Halafu usiku hairuki, wanatumia magari ya kasi. Yaani umetengeneza tamthilia ya helikopta, na huduma yenyewe nusu ya siku ni tamthilia ya gari. Juu ya yote, madaktari wenyewe huazimwa kutoka hospitali zao kwa miezi sita hivi, kisha wanarudi walikotoka na wanakuja wengine. Ni viza ileile ya mama mkwe. Mtu akianza kuzoeleka, muda wake umekwisha.

Sasa iweke The Golden Hour kando ya Casualty, tamthilia ya hospitali ya BBC. Ilianza mwaka 1986, na mpaka leo iko hewani. Kuna Waingereza waliozaliwa, wakaoa, wakaachika, na Casualty bado inaendelea. Siri yake ni viti vya kusubiria. Mji wa Holby haupo kwenye ramani yoyote, lakini mapokezi ya hospitali yake yana viti, na kwenye viti wanakaa mama aliyegombana na mwanawe, mlevi mwenye maneno, na bwana anayeshika mkono wa bibi asiyekuwa mkewe. Daktari anapita, anasikia, anaingilia. Dakika ishirini za kwanza hakuna aliyekatika hata kidole, na wewe umeshajua kila mtu ni mtoto wa nani.

Wanaobisha watasema, mbona madaktari wa angani wa Australia walifaulu? Kweli kabisa, na ndio mashahidi wangu. Tamthilia ya The Flying Doctors ilianza miaka ya 1980 na ikavuka vipindi 200. Lakini watu wake walikuwa na Coopers Crossing, kijiji cha kubuni kilichotupwa jangwani, na kijiji kilikuwa na baa. Ndege ilikuwa kisingizio tu cha kuwatoa watu barazani asubuhi ili wawe na la kusimulia jioni. Wangeiuza ndege wakabaki na baa, tamthilia ingeendelea. Wangeiuza baa wakabaki na ndege, nadhani wangefika kipindi cha nne.

Shemeji yangu, aliyeishi Stuttgart miaka mingi na akarudi na tabia ya kusahihisha watu, alinikatiza hapo. Akasema Wajerumani na Waaustria walikuwa na Medicopter 117, tamthilia ya helikopta ya wagonjwa iliyoanza mwaka 1998 na ikafika misimu saba, na kijiji hawakuhitaji. Nimeikubali hoja yake kwa shingo upande. Nilipoitafuta nikaona wao walikuwa na milima, na kila kitu kikiwa kinalipuka. Mtu akining'inia kwenye kamba juu ya genge hakuna anayeuliza ni mtoto wa nani. London haina genge. London ina baiskeli, malori na watu waliokunywa, na mara nyingi kunanyesha.

Kuna na jambo jingine, ambalo halina mzaha. The Golden Hour ilionyeshwa Septemba 2005. Julai 7 mwaka uleule mabomu yalikuwa yamelipuka kwenye treni za chini ya ardhi na kwenye basi hapa London, watu 52 wakauawa, na mojawapo ya treni hizo ilikuwa jirani na Aldgate, karibu tu na Whitechapel. Madaktari wa helikopta walikuwa miongoni mwa waliokimbilia kule. Sidhani mtu wa mji huu alihitaji, wiki chache baadaye, kuketi na sahani ya chakula magotini aone waigizaji wakijifanya wanafanya yale aliyoyaona kwenye habari yakifanywa na wenyewe. Hilo silihesabu kuwa kosa la Armitage, wala la mtu yeyote. Ulikuwa wakati mbaya tu.

Nirudi kwenye manung'uniko yangu. Jina la tamthilia lenyewe limetoka Marekani, kwa daktari mpasuaji R Adams Cowley wa Baltimore, aliyehubiri kwamba aliyejeruhiwa vibaya ana saa moja ya kuokolewa, na akahangaika mpaka polisi wa jimbo la Maryland wakawa wanabeba majeruhi kwa helikopta. Wataalamu wa leo wanakuambia mwili wa binadamu hauna saa ukutani. Mwingine ana dakika tano, mwingine ana nusu siku. Lakini wazo lilifanya kazi yake, maana lilimtoa daktari kitini. Nilichobaki kujiuliza ni ITV walivyolipokea wazo hilo, wao ambao ni kituo cha matangazo ya biashara. Mtu anatokwa na damu, kila sekunde ni ya thamani, halafu picha inakatwa na anatokea mwanamke anafurahia sofa iliyopunguzwa bei. Sisi tuliona nakala isiyo na matangazo, na hata hivyo mke wangu aliisimamisha mara kwa mara ili atazame macho ya Daktari Track. Kwa mwendo ule mgonjwa asingefika hospitali.

Halafu Waingereza hawahawa, waliozikataa tamthilia mbili za helikopta, wanazitazama helikopta za kweli kwenye runinga mchana na usiku. BBC walikuwa na Helicopter Heroes tangu mwaka 2007, ya kikosi cha Yorkshire, kilekile kilichokuwa kimembeba mtangazaji Richard Hammond wa Top Gear mwaka 2006, baada ya gari lenye injini ya ndege kumpindukia kwenye kiwanja cha Elvington. Zimefuata nyingine nyingi za namna hiyo, sasa nimeacha kuzihesabu. Nilikuwa siwaelewi. Kwa nini mtu akatae damu ya rangi yenye Armitage ndani, akubali damu ya kweli yenye mkulima asiyejulikana?

Mama mkwe akanijibu bila kukusudia. Tulikuwa tumeweka moja ya vipindi hivyo, na yeye, aliyekuwa anasinzia, akaamka na kujisogeza mbele. Mwishoni mwa kila kisa, mkulima anaonekana yuko nyumbani kwake. Amekaa kwenye sofa, mguu una vyuma, kikombe cha chai mkononi, mkewe pembeni anamsahihisha tarehe. Anasimulia alivyoanguka. Mkewe anasimulia alivyopigiwa simu. Mbwa anapita. "Haya," mama mkwe akasema, akajifunga vizuri mtandio wake, "huyu sasa ndiye mtu." Kibaraza walikipata, tena walikipata bure, nyumbani kwa mgonjwa. ITV walilipa waigizaji wote wale na hawakumwachia hata mmoja wao kiti.

Na kuna kitu kingine ambacho tamthilia ile ilikipita bila kukitupia macho, nacho ndicho ninachokumbana nacho mimi kila nikienda kununua samaki. Ndoo.

Msomaji aliyeko nyumbani huenda asiniamini. Hii ni nchi yenye huduma ya afya ya taifa, ambako unatibiwa bila kulipa mlangoni, na wanajivunia jambo hilo hadi kulia. Lakini helikopta za wagonjwa, sehemu kubwa ya nchi, zinaendeshwa kwa michango. Uskochi ndiko serikali inakolipia zake, ingawa nako wamejiongezea nyingine ya hisani. Huku kwetu hospitali inatoa daktari na idara ya magari ya wagonjwa inatoa mhudumu, lakini chombo chenyewe kinategemea wanaoguswa mfukoni. Ya kwanza nchini, ile ya Cornwall ya mwaka 1987, ilikuwa ya hisani. Ya London ilipoanza ililipiwa na gazeti la Daily Express, yaani ilikuwa ni fadhila ya wauza magazeti. Mwana wa mfalme, William, alikuwa rubani wa helikopta ya wagonjwa ya East Anglia kati ya mwaka 2015 na 2017, na mshahara wake akautoa sadaka. Nami namsifu, lakini hata yeye, ukimtazama vizuri, alikuwa anachangia harambee.

Kwa hiyo unaombwa. Wanakuomba kwa mfuko wa plastiki unaopenyezwa mlangoni ili ujaze nguo kuukuu. Wanakuomba kwa maduka ya mitumba. Wanakuomba kwa bahati nasibu ya kila wiki, ambayo mke wangu anacheza na anaiita sadaka, jambo ambalo sheikh hajaulizwa. Na wanakuomba kwa ndoo mlangoni mwa supamaketi. Helikopta mbili mpya za London zilizoanza kazi mwaka 2024 zilitafutiwa pauni milioni 15 kwa mtindo huo. Zikapatikana. Mimi nimewahi kukaa kwenye kamati ya harusi iliyoshindwa kukusanya hela ya keki.

Manung'uniko yangu juu ya ndoo yalikuwa makubwa, na nilikuwa nimeyapanga vizuri kwa ajili ya safu hii. Nchi inayoweza kurusha ndege za kivita inashindwaje kununua mafuta ya helikopta bila chenji yangu? Nilikuwa namwelezea mama mkwe hayohayo Jumamosi tulipofika mlangoni mwa supamaketi, na mwenye ndoo alikuwa mama wa makamo, kavaa fulana nyekundu juu ya koti. Nikatia sarafu yangu haraka, kwa namna ya mtu asiyetaka maongezi. Mama mkwe akasimama.

"Muulize," akaniambia, "yeye imemhusu nini?"

"Mama, anajitolea tu. Huku watu hujitolea."

"Muulize."

Nikamuuliza. Na yule mama akaiweka ndoo chini. Mwanawe alikuwa na baiskeli, lori likakunja kushoto bila kumwona. Helikopta ilitua kwenye kiwanja cha shule. Wanafunzi walikuwa mapumzikoni, wakaingizwa ndani mbio. Mimi nikawa mkalimani. Mama mkwe anauliza, mimi natafsiri, yule anajibu, mimi natafsiri. Kijana ana miaka mingapi? Ndiye kifungua mimba? Alikuwa anakwenda wapi? Nani alimpigia simu? Alikuwa anapika nini simu ilipoingia? Hilo la mwisho nilitaka kuliruka, lakini mama mkwe anamjua mkalimani anayeruka. Yule mama akacheka, akasema alikuwa hapiki, alikuwa anagombana na fundi bomba. Kisha machozi yakamtoka, na mama mkwe naye yakamtoka, na mimi nikabaki katikati na kilo mbili za samaki wa barafu zinazoanza kunidondokea viatuni.

Kijana yuko hai. Anatembea kwa fimbo na amehamia Leeds kwa mpenzi ambaye mamake hampendi. Tuliambiwa na sababu za kutompenda. Mama mkwe alikubaliana nazo zote. Watu wengine waliokuwa wanapita na mikokoteni yao wakasimama, mzee mmoja Mbengali akaongeza habari ya jirani yake aliyeanguka kwenye jukwaa la ujenzi, msichana wa mapokezi ya supamaketi akatoka kuvuta hewa akabaki anasikiliza. Sijui tulisimama muda gani. Samaki wanajua.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, mama mkwe aliniambia kwamba kule kwetu nako tulikuwa na madaktari wa ndege, yeye anawakumbuka tangu usichana wake. Ni kweli. Shirika la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari wapasuaji watatu, mmoja wao Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa na shamba upande wa magharibi wa Kilimanjaro, na ndege za shirika hilo hadi leo zinaruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Bibi alikuwa na kisa chake cha mtu aliyewahi kubebwa, na kisa kilitufikisha mpaka kwenye ngazi za jengo letu. Nakihifadhi, kwa sababu kina majina ya watu wa Pangani na wajukuu zao wanasoma magazeti.

Usiku nikaandika barua kichwani kwa ITV. Tengenezeni mara ya tatu, nikawaambia, lakini safari hii wekeni ndoo katikati. Tamthilia nzima iwe mlangoni mwa supamaketi. Mama mwenye fulana nyekundu asimame hapo, watu waje, waseme yao, wanunue maziwa, warudi. Helikopta ipite juu mara moja katika kila kipindi, watu wote wainue vichwa, kisha waendelee kuongea. Haina gharama, haina waya wa umeme kushoto, na baada ya miaka arobaini itakuwa bado inaendelea. Nikamsimulia mke wangu, kwa fahari kidogo.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kila siku. Halafu akauliza Richard Armitage atacheza nani humo.

Nikamwambia, akitaka, anaweza kumshikia mama yule ndoo.

Mke wangu akafikiri. "Akishika ndoo yeye," akasema, "mwezi mmoja London ina helikopta kumi."